Jina Lina Mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimelala kifudifudi, kiuno kikiwa ukingoni mwa kitanda na kichwa kikining'inia karibu na sakafu. Rumeti wangu amesimama pembeni na blanketi begani, ananigonga mgongo kwa viganja alivyovikunja kama kata ya kuchotea maji. Pu, pu, pu. Upande wa kulia dakika saba, wa kushoto dakika saba. Halafu nakohoa. Chini kuna kopo lenye mfuniko, na kinachotua humo ndicho kinaniambia siku yangu itakuwaje. Kikiwa cheupe naenda raundi. Kikiwa cha njano naenda raundi na kipimajoto mfukoni. Kikiwa cha kijani namtafuta daktari wangu kabla sijatafuta chai.

Rumeti wangu ni mzaliwa wa Kyela, amekulia kwenye joto la Ziwa Nyasa. Mwezi wa saba hapa Mbeya, maji ya bomba yanapouma meno na mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, kutoka kitandani saa hiyo kwa ajili ya mapafu ya mtu mwingine si jambo dogo. Miaka miwili sasa hajawahi kuniuliza hii kazi itaisha lini. Nimeanza na yeye kwa sababu nikianza na ugonjwa nitamsahau, na watu wa namna hii husahaulika kwenye hadithi za wagonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mwili wangu hautengenezi kingamwili za kutosha. Seli zinazopaswa kuzitengeneza zipo, zinaonekana kwenye damu, ila hazifiki hatua ya mwisho ya kazi. Matokeo yake nimeugua nimonia mara sita ambazo nina karatasi zake, masikio na pua usiseme, na njia za hewa kwenye mapafu ya chini zimetanuka zikawa kama vifuko vya kuhifadhi makohozi. Ndiyo maana ya kugongwa mgongo. Kwenye faili langu umeandikwa kwa herufi nne, CVID, kifupi cha Kiingereza cha common variable immunodeficiency. Hauambukizi. Haukutokana na kirusi.

Sasa nijaribu kuutaja kwa Kiswahili. Upungufu. Wa kinga. Mwilini.

Umesikia ulichosikia. Na mimi nimesikia hivyo hivyo kila nilipofungua mdomo kumweleza mtu. Jina la ugonjwa wangu, ukilitafsiri neno kwa neno, ni UKIMWI. Jina lilishachukuliwa zamani, mimi sijazaliwa. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo kila kona ya nchi ikawa na namna yake ya kulisema bila kulisema: ngoma, mdudu, amekanyaga waya. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini neno hilo lina uzito wa ziada. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017, mikoa iliyoongoza kwa maambukizi kwa watu wazima ilikuwa Njombe kwa asilimia 11.4 na Iringa kwa asilimia 11.3. Mbeya ilikuwa na asilimia 9.3. Hizo ni namba, lakini nenda kijiji chochote kati ya Tukuyu na Makambako uulize nani alimlea nani, utaambiwa bibi aliwalea wajukuu. Ukisema "kinga yangu ya mwili imepungua" mbele ya watu hawa, sentensi yako wameshaimalizia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari nilipoanza dozi ya TB kwa mara ya kwanza. Makohozi yalipimwa kwa mashine, TB haikuonekana, lakini picha ya kifua ilikuwa mbaya na nilikuwa nimekonda, ikaamuliwa nianze. Miezi sita. Mkojo wa rangi ya chungwa, na kichefuchefu kwenye mihadhara ya anatomia. Nikapata nafuu kidogo, nikaugua tena, na kwenye hospitali nyingine nikaanzishwa dozi ya pili. Kila nilikolazwa nilipimwa VVU. Mara kumi na moja. Kidole, tone la damu, kusubiri, mstari mmoja. Mstari mmoja maana yake huna. Daktari mmoja aliuangalia ule mstari, akaniangalia mimi, akasema, "Rudi baada ya miezi mitatu, inaweza kuwa bado ni mapema." Nilirudi. Mstari mmoja.

Aliyefungua fundo hakuwa mtaalamu kutoka mbali. Mwanafunzi mwenzetu alikuwa anafanya utafiti wake wa kuhitimu kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ile tunayochomwa mara tatu kabla ya kuanza wodi. Alitaka kujua kati yetu ni wangapi chanjo iliwakubali. Kingamwili za chanjo kwenye damu zikifika 10 unahesabiwa umekingwa. Wenzangu walikuwa na mia moja, mia tatu, wengine zaidi ya elfu. Mimi chini ya 2. Akafikiri amekosea, akarudia. Chini ya 2.

Alinipeleka kwa mwalimu wetu wa magonjwa ya ndani, mama mmoja mpole ambaye akikuuliza swali anasubiri jibu hata kama ni dakika nzima. Aliomba karatasi zangu zote za zamani. Nikamletea kwenye mfuko wa rambo, maana zilikuwa nyingi. Akazipitia moja moja, akasimama kwenye kipimo cha kawaida kabisa cha ini, ambacho nilishapimwa mara nne na hakuna aliyekitazama mara mbili. Protini zote kwenye damu: 52. Albumini: 40. Akaandika pembeni kwa penseli, 52 toa 40, akapata 12, akalizungushia duara. "Hii kumi na mbili," alisema, "ndimo kingamwili zinamokaa. Kwa mtu mzima ilipaswa kuwa ishirini na kitu, thelathini. Zako ziko wapi?"

Nimewaza sana kuhusu lile duara. Miaka mitatu jibu lilikuwa ndani ya mfuko wangu na lilihitaji hesabu ya kutoa ya darasa la tatu. Siku hizi kwenye wodi siwezi kupita faili la mgonjwa anayelazwa mara kwa mara bila kufanya ile hesabu. Bado sijampata hata mmoja. Naendelea kuitoa.

Damu ikapelekwa Dar es Salaam. IgG, kingamwili ambayo kwa kawaida huwa kati ya gramu 7 na 16 kwa lita, yangu ilikuwa 1.6. IgA, kingamwili ya aina nyingine, haikusomeka kabisa.

Usiku wa siku yale majibu yalipokuja nilikuwa nasoma kitandani kwa tochi ya simu, ndipo nikakutana na jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari analijua ila mimi nilikuwa sijaliunganisha na nafsi yangu. Kipimo cha haraka cha VVU hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya kirusi. Na mwili wangu umeshindwa kutengeneza hata za chanjo. Ile mistari kumi na moja, niliyoikumbatia kama cheti cha ubatizo, haikuwa inasema chochote.

Nilikaa na hilo mpaka kukapambazuka. Hofu ya kufa haikunijia. Niliyemfikiria ni mwenzangu.

Mwenzangu ni bwana shamba. Tulikutana kwenye kosta ya Tukuyu, yeye ameshika gunia la mbegu za viazi anapeleka Isyonje, mimi nimetoka nyumbani na ndizi za mama. Wakati ule tulikuwa na mwaka mmoja na nusu pamoja, na nilishamwambia, kwa uhakika wote wa koti jeupe, kwamba nimepima mara kumi na moja na niko salama. Asubuhi nikampigia nikamweleza yote, mpaka ile ya kingamwili. Alikaa kimya. Nilisikia ng'ombe upande wake wa simu. Kisha akauliza, "Kipo kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe?" Nikamwambia kipo, majibu ni kama siku kumi. Akasema, "Basi nakuja, tusubiri wote."

Na yeye akapima siku hiyo hiyo. Mwili wake unatengeneza kingamwili vizuri, kwa hiyo mstari wake mmoja ulikuwa na maana. Majibu yangu yalitoka siku ya tisa: kirusi hakikuonekana. Nilikuwa kwenye mzunguko wa uzazi pale hospitali ya Meta, nimeshika daftari la kesi, nikaenda nyuma ya jengo nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikazalisha.

Tiba ipo. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza kisa cha mtoto wa kiume wa miaka minane ambaye damu yake haikuwa na kingamwili, akamchoma za watu wengine kila mwezi, na mtoto akaacha kuugua ovyo. Mpaka leo kanuni ni ile ile. Kingamwili haziundwi kiwandani kama Panadol. Zinachujwa kutoka plazma ya watu waliojitolea damu, na kila toleo la dawa linakusanya plazma ya watu wasiopungua elfu moja. Kwa kilo zangu 52, dozi ya miligramu 400 kwa kila kilo ni karibu gramu 21 kila wiki ya nne. Nusu ya ulichowekewa huwa imeshaisha baada ya wiki tatu hivi, na mimi hiyo wiki ya nne siihesabu kwa kalenda, naijua kwenye magoti.

Bei sitaiandika, maana mama yangu anasoma hapa na nisingependa aione ikiwa imejumlishwa. Bima yangu haikuigusa. Miezi mingine tunaipata: shamba la chai la mama, kwaya yao ya Moravian, viazi vya mwenzangu, bumu langu. Miezi mingine inapita hivi hivi. Ikipatikana inatoka Dar kwa basi ndani ya kasha la barafu, kwa sababu inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8 na isigande. Mwenzangu ndiye anayeipokea stendi ya Nane Nane. Namuona anavyolibeba lile kasha, kwa mikono miwili, kifuani, na kwenye bajaji haliweki chini.

Inaingia polepole kwenye mshipa, nusu saa ya kwanza tone kwa tone ili mwili usishtuke, halafu inaongezwa. Saa nne hivi. Nimesomea mitihani miwili kwenye kile kiti. Kichwa huniuma siku inayofuata, lakini siku ya tatu naamka na mwili ambao nadhani ndio wenzangu wanaamka nao kila siku. Wakati dripu inashuka huwa nawaza juu ya wale watu elfu. Hawanijui, sijui lugha zao. Kuna mmoja aliugua surua utotoni, kuna mmoja alichanjwa tetenasi wiki ile, na kumbukumbu za magonjwa yao zinaingia mkononi mwangu hapa Mbeya.

Miezi isiyo na dripu nategemea Septrin, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, kila siku. Na hapo ndipo jina linaponirudia, maana kila mtu huku anajua Septrin ya kila siku wanapewa akina nani. Nilikuwa naificha kwenye kopo la vitamini.

Kuhusu chuo nitasema kwa kifupi. Nilipoteza mwaka. Nimonia ya tano ilinikuta wiki ya mitihani ya mwaka wa nne, nikaahirisha, na darasa langu sasa ni maintani wananitumia picha za zamu zao za usiku. Kuna mtu mwenye mamlaka aliniambia usoni kwamba mgonjwa hawezi kuwa daktari, nitafute kazi ya ofisini. Nimeamua kutokaa juu ya sentensi yake. Navaa barakoa nzito kwenye wodi ya watoto, wodi ya TB niliombewa utaratibu mwingine, na upasuaji nimeupenda kuliko nilivyotarajia kwa sababu kule kila mtu ananawa kama mimi ninavyonawa.

Kilichonishinda muda mrefu zaidi ya masomo ni mapenzi, na namaanisha mambo madogo. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa kwangu, mwenzangu alikuja bila kuniambia. Alitoka Isyonje kwenye mvua, kwenye mfuko ana maparachichi na kitenge. Akabisha hodi kwenye chumba nilichokuwa nimepanga Soweto. Nikamsikia akipiga chafya mlangoni.

Sikufungua.

Nilimwambia kwa kupitia mlango: una mafua. Akasema ni kidogo, ya juzi tu. Nikamwambia mafua yako ni siku tatu, yangu ni wiki tatu na kitanda cha wodi. Alinyamaza, kisha nikasikia mgongo wake ukishuka kwenye mbao mpaka chini. Na mimi nikakaa upande wangu, mgongo kwenye mlango ule ule. Tukaongea kwa simu, sentimita tano kati yetu, mpaka salio likaisha, tukaendelea kwa sauti. Alikasirika. Alisema alijua ananipenda mgonjwa, hakujua atageuka kuwa ndiye ugonjwa. Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli: kwa wiki ile, yeye ndiye alikuwa hatari. Usiku ulipoingia aliacha mfuko kizingitini akaenda kulala kwa rafiki yake Kabwe. Tulikaa siku tisa bila kuongea vizuri. Siku ya kumi akanitumia meseji ya maneno mawili: "Sina mafua." Mpaka leo ndiyo salamu yake. Akiwa nayo ananiambia kabla hajapanda gari, na siku hiyo haji, na hakuna anayemlaumu mwenzake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Katika mzunguko wa kliniki ya CTC, wanakohudumiwa watu wanaoishi na VVU, nilikuwa nimekaa benchi la nje saa ya chai. Nilifungua kopo langu la vitamini nikatoa kidonge. Pembeni yangu kulikuwa na mama wa makamo, amekuja kuchukua dawa zake. Akakiona kidonge, akakijua. Akanisogelea kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, yenye upole ambao sijausikia kwa daktari yeyote, "Na wewe, mwanangu?"

Nikasema, "Hapana! Hapana mama, mimi wangu ni tofauti kabisa."

Nilisema haraka mno, na kwa sauti. Watu wawili waligeuka. Yule mama akarudi nyuma kwenye benchi, nafasi ile ile aliyokuwa ameipunguza, akasema, "Nimeelewa, daktari." Dakika moja nyuma nilikuwa mwanangu.

Miaka yote nililalamika kwamba hakuna jina la ugonjwa wangu, kwamba nabebeshwa jina la watu wengine. Kwenye benchi lile niliona kwamba nilitaka jina jipya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu na ni halali: tiba ni tofauti, vipimo ni tofauti, na mtu anaweza kufa kwa kuchanganya. Ya pili ilikuwa ni kutaka nisikae benchi moja na yule mama. Hiyo ya pili sikuwahi kuikiri, hata kwa mwenzangu. Nilimtafuta kliniki ya mwezi uliofuata, sikumuona.

Mwezi wa sita mwenzangu alinipeleka kwao Makambako. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Makambako upepo haupumziki. Tulipoteremka kitenge kilitaka kuondoka peke yake. Mama yake alinipokea kwa "Kamwene," nikamwitikia "Kamwene" kama nilivyofundishwa njiani, halafu nikamwamkia shikamoo kwa heshima ya kwetu pia. Tulikaa jikoni kwenye moto, anamenya viazi. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mdogo wake alifia mikononi mwake mwaka 2002, miaka miwili kabla dawa za bure hazijaanza kutolewa nchini.

Nikaanza. Mama, kuna jambo nataka ulijue kabla ya mambo ya posa. Kinga yangu ya mwili... Kisu kilisimama juu ya kiazi. Nikakimbilia ufafanuzi: si ule, mama, ni mwingine, wa seli, hauambukizi, nimepima mpaka kirusi chenyewe. Nikaanza upya, safari hii na mfano wa askari na silaha, ule tunaofundishwa kuwaelezea wagonjwa.

Akaninyooshea mkono wenye maji ya viazi, ninyamaze.

"Dawa unameza saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, mama."

"Unakula kwanza?"

"Mara nyingine nasahau, nikiwa wodini."

"Ukimeza na njaa itakukata tumbo." Akarudi kwenye kiazi. Nikajaribu tena kusema kwamba si kama anavyofikiri. Hakuniangalia. "Jina sijakuuliza," alisema. "Nimekuuliza saa."

Sijui anaamini ninaumwa nini. Sijui aliwaambia nini mashangazi waliokuja jioni kunitazama, na sijamwuliza. Nilipewa kikombe kutoka kabati lile lile, nikala sahani moja na mawifi.

Tangu siku ile, kila jioni saa mbili kasoro dakika tano simu yangu inatikisika. Anaandika bila nukta, kwa herufi kubwa zote, kwa sababu hajui simu ile inazipunguza vipi. KAMWENE UMEKULA. Nilisikia mengi kuhusu kutunza wagonjwa wa muda mrefu, mihadhara mizima, na sikumbuki hata mmoja uliotaja kula kwanza.

Jana usiku nilikuwa zamu, wodi ya upasuaji, umeme umekatika na jenereta linasuasua. Simu ikatikisika mfukoni. Nilikuwa sijala. Nikamwomba nesi dakika tano, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa korido, nikafungua mkate na kopo la Septrin, lile lile la kiwandani lenye jina lake kubwani. Kulikuwa na mzee pembeni anasubiri mwanawe atoke chumba cha upasuaji. Akaangalia kopo, akaangalia mimi. Nikamkatia kipande cha mkate.